Vidole Viwili Chini ya Mkanda

Farasi alisimama kwa miguu miwili, patron, tajiri mwenye farasi, akaanguka kwenye majani yaliyolowa umande. Nilisikia mfupa wa bega ukialika. Mpaka leo, mtu akivunja ukuni jikoni, nageuka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Papa yangu, muzee Bisimwa, ndiye aliyetunza farasi wale wachache wa mtaa wa Muhumba, na kwa kufunga hatamu hakuna aliyemfikia. Alinifundisha kwa mkono, si kwa maneno mengi. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, kikikaa sawa kinaacha mikunjo miwili kwenye pembe ya mdomo, kama mtu anayezuia kicheko. Mkanda wa paji usibane masikio. Ule wa kooni upitishe ngumi nzima. Na mkanda wa puani, vidole viwili chini yake, basi.

Asubuhi ile malaria ilikuwa imemlaza papa juu ya magunia ya pumba. "Ornella, mufunge weye," aliniambia. Nikafunga. Nilitia vidole viwili, nikaona vimepita, nikajisifu moyoni. Ee Mungu wangu, ujinga gani ule! Vidole vya papa vilikuwa vinene kama vipande vya muhogo; vyangu vilikuwa vya msichana wa shule. Mkanda ulibana, farasi alipovutwa akashindwa kufungua mdomo, akapagawa.

"Nani alimufunga?" patron aliuliza, mkono ukining'inia.

Papa alitoka zizini akitetemeka kwa homa. "Ni miye, patron. Miye mwenyewe."

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo jambo lenyewe, sitalipamba: nilinyamaza.

Papa alifukuzwa kazi juma lile lile. Na kazi yake nani akapewa? Mimi. Kila asubuhi niliteremka peke yangu kutoka nyumbani Kadutu, nikimwacha papa amekaa mlangoni, mikono yake imelala mapajani haina la kufanya. Jioni tulikula ugali bila kusemeshana. Hakuwa amenikasirikia, afadhali angekasirika. Mchana kutwa niliongea na farasi, na farasi hajibu. Miaka minne neno "unisamehe" nilishuka nalo asubuhi, nikapanda nalo jioni.

Mwaka wa nne nilileta hatamu nyumbani, uzi wa mkanda wa puani umekatika. Papa akaichukua bila kuombwa, akashona. Kisha akanivuta mkono, akaweka vidole vyangu viwili chini ya mkanda, akavilaza vyake kando. Viwili vyake vilizidi vyangu viwili kwa kidole kizima.

"Papa," nilisema, "siku ile..."

"Minajua." Akakata uzi kwa meno. "Weye utie bidole bitatu."

Papa tulimzika kijijini kwao, Katana, kabla ya Noeli. Neno langu sikulimaliza.

Leo nafunga farasi mmoja tu aliyebaki. Wenye farasi wengine walishaondoka mjini. Zizi lote ni mimi na yeye. Vidole vyangu vimenenepa kwa kazi na maji baridi, viwili vingetosha kabisa. Patron wa sasa analalamika kila mara kwamba mkanda unacheza, niukaze tundu moja.

"Ndiyo, patron," namwitikia.

Kisha natia bitatu.