Kabureta ya Dada

Fundi huyu aliitwa Pua, na si kwa ukubwa wa pua yake. Alikuwa akiinama nyuma ya bomba la moshi, anavuta pumzi moja, anasema mafuta yamezidi hewa, au oili inaungua ndani, na mara nyingi ikawa hivyo hivyo. Wateja walimtania kwamba akifa pua wataizika peke yake, kwa heshima zake.

Kisha homa ikamlaza wiki mbili. Siku aliyorudi gereji alifungua galoni la petroli akadhani mtu amelijaza maji. Alichovya kidole, kilikauka mara moja kikaacha ubaridi. Petroli ilikuwa petroli. Kilichokosekana ni harufu.

Hakumwambia mtu. Alijipa wiki, akajiongezea mwezi, na mwezi wa tano ukamkuta bado anainama nyuma ya mabomba ya moshi, anavuta pumzi isiyomwambia kitu, kisha anasikiliza mlio wa injini na kukisia. Kazi ilikuwa ikienda. Hapakuwa na aliyelalamika, naye akauchukua ukimya wao kuwa ni dawa.

Mwezi huo huo dada yake mkubwa alimletea skuta. Dada alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima na kuzipeleka nyumba kwa nyumba, zimefungwa nyuma ya kiti. Ndiye aliyemlea Pua baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo alimwita mtoto, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa na mvi. Alieleza kwamba skuta inazima njiani na inavujisha petroli, hivi kwamba kila akiiegesha lazima akumbuke kufunga koki ya tangi.

Pua alifungua kabureta, akaona haifai kutengenezwa. Mwili wake ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na slaidi inayopanda na kushuka ndani yake ilikuwa imelika upande mmoja. Waliongozana hadi duka la vipuri, yeye ameishika ile ya zamani ndani ya kitambaa.

Muuzaji, mama asiyependa maneno mengi, alipanga tatu juu ya meza. Pua aliziweka moja moja ubavuni mwa ile ya zamani. Ya kwanza mdomo wake ulikuwa mpana. Injini ndogo kama ile ingelishwa kupita ukubwa wa tumbo lake. Ya pili ilikuwa na mdomo sawa, lakini matundu ya bolti yalikuwa yameachana zaidi. Ya tatu ililingana kila mahali. Aliipandisha slaidi kwa kidole akaiachia, ikashuka kwa mlio mmoja safi. Aliitikisa akasikia boya, lile linaloelea na kusukuma sindano, likicheza ndani. Akaigeuza juu chini, akapuliza kwa mdomo kwenye njia ya petroli, na pumzi haikupita, maana yake sindano inayozuia petroli ilikuwa inafunga.

Akamuuliza muuzaji kama kuna aliyerudisha ya aina hiyo. Yule mama alijibu kwamba Pua mwenyewe alishachukua moja mwezi uliopita, ya skuta ya mteja wake yule mshonaji, na kama haikurudi basi ni nzima.

Waliporudi gereji aliifunga kabureta vizuri, kwa gasketi mpya, skuta ikiwa imesimama wima. Injini iliwaka kwa teke la kwanza ikatulia. Alipitisha kitambaa chini ya kabureta, kikatoka kikavu. Zamani, baada ya kitambaa, angeinamisha uso pale na kuvuta pumzi. Aliinama hivyo hivyo, kwa mazoea, dada yake akimtazama.

"Vipi?" dada aliuliza.

"Safi. Na koki usihangaike nayo tena. Hii inajifunga yenyewe."

Wakanywa chai, skuta imeegemea stendi ya upande karibu na mlango. Waliongea habari za wajukuu kwa muda mrefu. Kisha dada akaondoka, na mlio wa skuta ukapotea barabarani ukiwa laini kabisa.

Haikupita nusu saa, jirani yake mchomeleaji akaja kumwomba nafasi ya kuunganisha miguu ya kitanda, kwake jua limemzidi. Aliingia na waya zake, akasimama mlangoni, akazirudisha begani.

Alisema, "Pua, humu siwashi kitu. Petroli yote hii inayonuka wewe huisikii?"

Pua alitazama chini. Pale skuta ilipokuwa imeegemea kulikuwa na duara jeusi kwenye saruji, kubwa kama sinia, kingo zake zikianza kukauka. Dada alikuwa ameondoka na tangi limejaa na koki iko wazi. Naye, jioni kama hiyo, huwasha mkaa wa pasi.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena huku akipanda pikipiki ya mteja iliyokuwa karibu, hata kofia asiikumbuke.

Nyumba ya dada ilikuwa na ukumbi mwembamba unaotoka barabarani hadi uani. Meza ya pasi ilikaa katikati ya ukumbi huo, penye upepo, na skuta iliegeshwa hapo hapo ukutani. Pua aliingia akaona mashati yametundikwa pande zote mbili, yametulia. Skuta ilikuwa imeegemea stendi. Chini yake sakafu iling'aa, na ule mng'ao ulikuwa umetambaa hadi miguu ya meza. Hakusikia harufu yoyote. Ndicho kilichomtisha kuliko vyote: ukumbi ulikuwa mtulivu kama ukumbi wowote.

Mlango wa uani ulifunguka. Dada alikuwa anaingia na pasi mkononi, mkaa umekolea, cheche moja moja zikiruka kwenye matundu ya ubavuni.

Pua hakumbuki kama alisema neno. Alimwendea, akamsukuma nje kwa bega, akaishika pasi pale mkono wake ulipofika, yaani kwenye chuma chenyewe cha moto. Aliivurumisha katikati ya uwanja, ikafunguka, na mkaa ukatawanyika kwenye maji ya kufulia ukilia. Ngozi ya kiganja chake ilibaki kwenye pasi.

Walifunga koki, wakaitoa skuta barabarani, wakamwaga ndoo kumi za maji ukumbini. Dada alifanya yote hayo bila kuuliza. Alipomaliza akamkalisha kwenye kibaraza, akauweka mkono wake ndani ya beseni la maji.

"Harufu niliisikia tangu nilipofika hapa nyumbani," alisema. "Nikajiambia mtoto ameikagua, ameinusa mbele ya macho yangu. Nikajua ni pua yangu imezeeka."

Pua alitazama maji. "Dada, mimi sisikii harufu. Tangu ile homa. Hata petroli, hata moshi."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na Pua alingojea aambiwe hivyo, lakini dada hakusema methali yoyote. Aliuliza tu ni skuta na pikipiki ngapi zimetoka mikononi mwake kwa miezi mitano.

Walizikumbuka pamoja. Dada alishika simu, Pua akamtajia, na kila mteja aliambiwa aegeshe nje na afunge koki mpaka fundi apite. Wote walipokea isipokuwa yule mshonaji mwenye kabureta ya duka lile lile. Simu yake ilikuwa imezimwa, na Pua hakujua anakolala. Usiku huo aliifungua kabureta ya dada akaona kilichomponyoka: skuta ikiegemea stendi ya upande, boya lilisugua ukuta wa kikombe cha petroli, likanata, na sindano ikabaki wazi. Skuta ikisimama wima, kama alivyoipima yeye gereji, haikuwa na kosa.

Siku ya tatu mshonaji alikuja mwenyewe, anaisukuma skuta. Uso wake ulikuwa umepauka. Alisema hana shida na injini, ila mafuta yanaisha upesi, na siku hizi anaamka na kichwa kizito, anatapika, mkewe vilevile.

Pua alimuuliza usiku anaiweka wapi.

"Chumbani, miguuni pa kitanda," alisema mshonaji. "Nje si wataiiba?"

Pua, kiganja kikiwa kwenye bandeji, aliunyosha ule mkono mwingine, akamwomba ufunguo wa skuta, isilale tena chumbani.