Mashine Iliyomchapa Cyprian

Flaviana alikuwa amesimama pale pake pa kila siku, kati ya mashine ya kuchapa na tanuru, katika kiwanda kimoja cha vigae mbele ya Wazo. Kazi yake ilikuwa kutazama vigae vibichi vikipita na kutoa vile ambavyo wino umeruka. Asubuhi hiyo walikuwa wakichapa maua ya jiwe la kijivu. Baada ya chai, mashine ikaanza kumchapa Cyprian.

"Dada Flaviana," aliuliza Badru, msimamizi wa zamu, "huyu si mumeo marehemu?"

"Ndiye."

"Mbona kapauka hivi?"

"Wino mbichi huo. Rangi inatokaga motoni."

Badru akaagiza matundu ya wino yasafishwe, maana utaratibu ni utaratibu. Yakasafishwa. Cyprian akaendelea kutoka, uso mmoja kila kigae, pamoja na kile kipara alichokuwa akikificha kwa kofia.

Cyprian alifia kwenye tanuru hilohilo wakati wa masika. Vigae vilikwama ndani, meneja akasema moto usizimwe, oda za watu zinasubiri. Cyprian akainama kwenye kidirisha cha ubavuni avikwamue kwa fimbo ya chuma, na moto ukamchukua usoni. Ofisi ikatangaza kwamba marehemu alikuwa mpita njia. Kanisani jeneza halikufunguliwa. Watu walipita wakaaga mbao, Flaviana naye akaaga mbao, na tangu siku hiyo hamu ya kuuona uso ule mara moja tu ilimkaa kooni, chakula hakipiti.

Akanyakua kigae kibichi, akakifunga kwenye khanga. Hakufika nacho mlangoni, kikawa unga. Aliyajua hayo tangu wiki yake ya kwanza kazini, lakini hamu haina subira. Kigae hakishikiki mpaka kipite motoni. Akapiga moyo konde, akamwacha mumewe aingie tena.

Upande wa pili Cyprian akatoka ameiva, weusi wake uleule, macho wazi.

"Flavi," kigae kikasema, "umekula?"

"Bado."

"Kale basi."

Wenzake wakavua kofia, wakajipanga mstari, wakapita kuaga mmoja mmoja. Tekla wa kufungasha akaanzisha pambio. Flaviana akapita wa mwisho, kama ipasavyo mfiwa, akamshika shavu. Lilikuwa na joto.

"Nimekukumbuka mno, baba Jenipher," akasema, akalia vizuri.

Meneja akaja, akatazama naye. "Huyu simfahamu," akasema. "Wekeni daraja la pili." Cyprian akapakiwa kwenye maboksi, akaenda kubandikwa kwenye mabafu ya Tabata na Mbezi.

Alasiri vigae vikakwama tena. Meneja akasema moto usizimwe. Fundi wa zamu, Mbwana, akafunga kitambaa puani, akachukua fimbo ya chuma. Kabla hajainama, Flaviana akamshusha kile kitambaa, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama taratibu kuanzia paji mpaka kidevuni. Mbwana akatulia, akamwachia.

Tekla akaja kusimama nyuma ya Flaviana, na wengine nyuma ya Tekla, kofia mkononi.