Ukuta Usiopitisha Vyeo

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Bi Burgi Swoboda, fundi wa maabara katika chuo kimoja cha Vienna, alikuta protini za ngozi ya bakteria wake zimejipanga zenyewe wikendi nzima, zikajenga ukuta kutoka sakafuni hadi darini. Ulijaa vitobo vilivyolingana, kama vile ambavyo huonekana kwa hadubini tu. Akapenya na kahawa yake, akaanza kazi.

Saa tatu akafika Profesa Daktari Mhandisi Leopold Hinterleitner, akajigonga paji la uso ukutani.

“Bi Burgi, mbona sipiti?”

“Ni vyeo, Bwana Profesa. Vitobo vinapitisha jina tu. Viache hapo kitini, useme ‘Leopold’, upite.”

Profesa akafungua kinywa. “Le...” Akakohoa. “Hata mama yangu huniita Daktari.”

Msaidizi wake, mwenye shahada moja, alipenya hadi kiunoni akanasa. Mchana wakamlisha mkate wa nyama hapo hapo.

Kamati ikaketi kujaza ombi la hataza, hati ya haki ya mvumbuzi, maana ukuta ule ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Wao husahau, sisi mafundi wa ghorofa ya chini tunakumbuka. Bakteria yule Bi Burgi alimchota mwenyewe, mwaka 1993, kwenye tope la kiwanda cha sukari. Katika makala mia mbili kuhusu bakteria huyo, Bi Burgi ametajwa mara moja, mwishoni, kwenye shukrani: “Bi S.” Na Ijumaa alikuwa anastaafu.

“Safari hii liandikwe jina langu,” alisema kutoka ndani.

“Tungependa sana, Bi Burgi,” akajibu mkuu wa kitivo, akiinamia kitobo. “Lakini mvumbuzi hapa lazima apewe cheo. Ukipewa, utakwama humo. Tunakuhurumia.”

“Basi ngojeni nitoke, mnipe nikiwa nje.”

“Ukiwa nje na cheo, ataingia nani?”

“Leopold.”

Katibu akaandika kwamba hoja imejadiliwa.

Hataza ilitoka kwa jina la Hinterleitner, vyeo vyote, mistari miwili na nusu. Kustaafu kwa Bi Burgi kukaahirishwa miaka mitano, kwa manufaa ya sayansi.

Jumatatu iliyofuata akapenya ukutani saa mbili kamili. Profesa alikuwa ameshavuta kiti nje, kalamu mkononi.

“Haya, Bi Burgi,” akasema. “Leo nimegundua nini?”