Jiwe la Kilo Mbili

Miaka kumi na minne nilikuwa mpima asali wa chama chetu cha wafuga nyuki hapa Inyonga, na sikumpunja mtu hata robo kilo. Nikishataja uzito, ubishi umekwisha. "Malale kasema," watu walisema, wakaenda zao. Halafu mwaka tisini na saba akaja Kauthar kutoka Mpanda na mizani ya umeme, waya mmoja na kompyuta ndogo. Amri za kuiendesha aliziandika mwenyewe: akibonyeza kitufe, kompyuta inaiuliza mizani, mizani inajibu, kilo zinatokea kwenye kioo. Wiki moja tu, watu wakaanza kusema, "Kompyuta imesema."

Sidanganyi, nilimwonea wivu yule binti mpaka ugali ukawa haupiti. Na alivyokuwa na adabu, shikamoo kila asubuhi, ndivyo nilivyozidi kuchukia.

Mwenyekiti wetu, Helena, akasema Jumamosi ataamua: nibaki mimi au ibaki mashine. Jumamosi hiyo niliwahi ghalani, nikachukua jiwe la kilo mbili la mizani yangu, nikalificha chini ya gunia lililotandikwa juu ya mizani yake. Ipime uongo mbele za watu.

Haikupima uongo. Ndoo zote zilitoka sawa. Sikujua kwamba kila asubuhi amri ya kwanza ya Kauthar huiambia mizani ianze na sifuri, hata kama imebeba kitu; kitu hicho kikiondolewa, kila kipimo kinapungua kwa uzito huohuo. Adhuhuri alipokwenda kuswali, nikalichomoa jiwe kwa hasira na kulitia mfukoni mwa koti.

Aliporudi, zamu ilikuwa ya Nyanzala, mke wangu. Ndoo yake nilikuwa nimeipima mwenyewe jana yake, kilo ishirini. Kioo kikaonyesha kumi na nane.

"Baba Masalu," Nyanzala akaniita mbele za watu, "wewe unasemaje?"

"Ishirini."

"Malale kasema," ikaitikia foleni nzima. Kauthar akainamisha kichwa. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Basi lete mizani yako tuhakikishe," akasema Helena.

Nikalifungua sanduku la mawe. Kila jiwe lilikuwa kwenye shimo lake; shimo la kilo mbili tu lilikuwa tupu. Nyanzala akalitazama lile shimo, kisha mfuko wa koti langu ulioning'inia upande. Akatia mkono, akalitoa jiwe.

Hakupaza sauti. "Na miaka yote kumi na minne," akauliza, "hili lilikuwa linakaa wapi?"