Kinachokula Vidole vya Lois

Muo, kijiti cha kuchomea mashimo ya mbegu, ulimtoka Lois mkononi kwa mara nyingine, ukaanguka kwenye tope. Shemeji yake Nicholas, aliyesimama juu ya tuta, hakuinama kumwokotea. Alikuwa amekuja kutazama.

Maji ya Tana yalikuwa yamepungua, na kipande cha shamba la mpunga alichoachiwa Lois na marehemu mumewe kilingoja mbegu. Katika ukoo wao mjane hubaki na shamba maadamu analipanda kwa mkono wake. Asipoweza, linarudi kwa ndugu wa mume. Nicholas alijua mvumilivu hula mbivu, basi akavumilia.

Vidole vilipoanza kuvimba, kijiji kizima cha Wenje kilisema ni baridi ya mto. Apandaye mpunga atapataje mikono ya karani? Lois akajikanda kwa mchanga wa moto, na mto ulipopungua uvimbe nao ukapungua, kila mtu akaridhika. Ulikuwa ujinga, na yeye aliumeza kama wenzake. Alipofika Garsen hospitalini vidole vilikuwa vimekwisha kupinda.

Daktari, binti mpole, alimweleza kwamba mwilini mna kimeng'enya kinachokata protini, kazi yake kusafisha palipoumia. Chake kimekataa kuacha kazi. Sasa kinatafuna gegedu zinazokinga ncha za mifupa. Lois akauliza kama ni vile papai bichi linavyolainisha nyama ya ng'ombe mzee.

"Karibu hivyo, mama," alisema daktari. "Dawa itakipunguza makali. Lakini kilicholiwa hakirudi."

Sasa, pale shambani, Joy, mke wa mwanawe Lois, aliuokota muo akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa Lois kwa kipande cha leso. Lois akachoma shimo, akachoma lingine. Yalikwenda upogo, lakini yalikuwa mashimo. Mbegu ndizo zilizomshinda, kwa kuwa vidole havikuweza kubana hata punje moja. Joy akanyoosha mkono amsaidie, Nicholas akakohoa, mkono ukarudi.

Lois alipiga magoti. Aliona uchungu, na aibu ya kutazamwa na Nicholas ilizidi uchungu. Akatumbukiza uso katika kikapu cha mbegu, akajaza mpunga mdomoni, akaanza kudondosha punje shimo baada ya shimo, kidevu kikigusa tope.

"Shemeji," alisema Nicholas kwa upole kabisa, "mila inasema mkono."

Mdomo wa Lois ulikuwa umejaa mbegu. Alijikokota kwa magoti hadi shimo lililofuata.