Tafadhali Rekebisha Hali Yako

Mwanafunzi wa kwanza kukataliwa alikuwa mzima wa afya, na hiyo ndiyo sababu alikataliwa.

Ofisi ya uandikishaji wa wapiga kura ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, hivyo ukimaliza kupanda ngazi ulikuwa unanukia mpira kama gari lililotoka dukani. Ndani kulikuwa na makabati ya chuma, feni iliyotikisa kichwa kama mtu asiyekubaliana na lolote, na mkuu wa ofisi, aliyeitwa Mzee wa Mihuri kwa sababu hata ombi la likizo la mhudumu aliligonga mihuri mpaka maneno yakakosa pa kupumulia. Meza ya dirishani ilikuwa ya Afisa, mwanamke mfupi wa maneno mengi, ambaye ndiye aliyeisumbua ofisi nzima mpaka ikakubali wanafunzi wa chuo wajiandikishe kwa simu.

Zamani mwanafunzi aliandikishwa kwao. Kwao kukiwa mbali, shauri yake. Apande basi, alale njiani, afike amkute karani kaenda kula, na bado siku ya kura arudi tena kulekule kama aliyesahau mwavuli. Mdogo wake Afisa, anayesomea uuguzi na kuitwa Sindano tangu mwaka wa kwanza, uchaguzi uliopita uliangukia kwenye mtihani wake wa wodini. Mashangazi wote walipiga picha wakionyesha vidole vyenye wino. Yeye akabaki na kidole kisafi kama cha mtoto aliyenawishwa. Aliulizwa kwenye kila sherehe, "Na wewe je, mwenzetu? Au ulichagua kutochagua?" Alicheka nao, kisha akaenda kulia bafuni. Afisa alimsikia.

Ndiyo maana alipong'ang'ania mtandao, aling'ang'ania kwa meno. Mzee wa Mihuri mwishowe akachoka.

"Nakupa wiki moja, chuo kimoja," alisema. "Ijumaa saa sita mchana naandika ripoti. Wakijaza sawasawa, tunakwenda na vyuo vingine. Wakileta mchezo, nafunga. Na fomu ni ile ile ya karatasi, neno kwa neno. Fomu ni fomu."

"Neno kwa neno, mzee," aliitikia Afisa, na akainakili neno kwa neno, hata nukta hakuruka.

Alhamisi asubuhi mzee akamwita. Miwani ilikuwa imeshuka mpaka ncha ya pua, dalili mbaya.

"Njoo uwaone wasomi wako. Hapa penye 'Hali'. Huyu kaandika 'Nzuri'. Huyu 'Njema kabisa'. Huyu 'Namshukuru Mungu'. Huyu hapa, sikiliza huyu: 'Ngumu, ila tutafika'." Akavua miwani. "Mtafika wapi?"

Kompyuta ilifundishwa kukubali majibu manne tu kwenye kisanduku hicho: ndoa, bila ndoa, talaka, mjane. Jibu lolote jingine lilirudishwa papo hapo, likisindikizwa na ujumbe uliotungwa na fundi wa kompyuta, kijana mwenye adabu nyingi na maneno machache: *Ombi lako limerudishwa. Tafadhali rekebisha hali yako, kisha ujaribu tena.* Ukirudishwa mara tatu, ombi lilifungwa mpaka ofisi ilifungue. Na nusu ya chuo ilikuwa imefungiwa nje.

"Hawa wanatucheka," alisema mzee. "Kesho saa sita nafunga ukurasa."

Afisa alirudi kwenye meza yake ya dirishani. Hasira ilimpanda, lakini si kwa mzee, kwa wanafunzi. Alipigana vita peke yake kuwafungulia mlango, na wao wamesimama mlangoni wanafanya utani! Mchana akafunga droo yake, akashuka ngazi, akaenda hosteli akiwa amejaza mdomo maneno makali.

Chumba cha Sindano kilikuwa na vitanda vinne, soketi moja iliyobebeshwa simu kama punda wa shamba, na sare nyeupe zilizoanikwa kwenye kamba kukatiza dirisha. Sindano alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kipimo cha presha, na mwenzake wa chumba, msichana mbishi anayeitwa Wakili ingawa wote wanasomea uuguzi, anabonyeza mpira wa kujaza upepo.

"Unaumwa?" Afisa alisahau hasira.

"Afadhali umekuja, dada. Hebu niambie, ofisi yenu ina daktari?"

"Daktari wa nini?"

"Si mmeshanirudisha mara tatu, mnasema hali yangu haifai! Presha nimepima, iko sawa. Joto sawa. Mapigo ya moyo, sawa. Juzi nimepimwa mpaka damu. Sasa mnataka nirekebishe nini?"

"Mimi nimeachana nao," alidakia Wakili. "Nilijaza 'Nzuri', wakakataa. Nikajaza 'Nzuri sana', wakakataa. Nikasema labda hawa watu wanapenda ukweli, nikajaza 'Si nzuri'. Wakakataa, na mlango wakanifungia! Haya, dada yangu, serikali ikikataa nzuri na ikikataa mbaya, mimi nijiweke wapi?"

Afisa alitaka kusema jambo kali, midomo ikamsaliti. Alianza kucheka taratibu, kisha akajikuta kitandani kwa mwenzao wa tatu, anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Hali ya ndoa, jamani! Umeolewa au hujaolewa!"

Upepo ulitoka kwenye kipimo cha presha, *sss*, kama nao umeshusha pumzi.

"Sasa si mngesema?" alisema Sindano.

"Kila mtu anajua 'Hali' ni nini kwenye fomu."

"Nani huyo kila mtu? Mlete hapa tumwamkie." Wakili alikunja mikono kifuani. "Mimi nikiulizwa 'hali?' nasema nzuri. Ndivyo nilivyolelewa. Mama angesikia nimeulizwa hali nikajibu 'sina mume', angenizaba kofi."

Cheko la Afisa likaisha kidogo kidogo, kama maji ya bomba la hosteli. Maana ni kweli: kwenye meza ya karatasi hakuna mtu aliyewahi kuulizwa "Hali?" akaachwa hivyo. Karani alisoma neno lile kimoyomoyo, akainua macho, akaona pete au mtoto mgongoni, akauliza kistaarabu, "Una mwenzio, mama?" kisha akaandika yeye. Neno lilikuwa la karani; swali lilikuwa la watu. Yeye Afisa amemwondoa karani, akawaachia wanafunzi neno lake la mkato waparangane nalo wenyewe. Walikuwa hawamcheki mtu. Walikuwa wanajibu salamu.

"Sasa niandike hiyo 'bila ndoa'?" Sindano alishika simu.

"Umeshafungiwa, mdogo wangu. Wewe na wenzio."

Sindano aliiweka simu chini taratibu sana. "Kwa hiyo na mwaka huu tena." Hakulia. Alianza kukunja sare ambazo hazijakauka, na hilo lilikuwa baya kuliko kulia.

Ijumaa asubuhi Afisa alimkuta Mzee wa Mihuri ameshatandika karatasi ya ripoti na kufungua kidau cha wino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hali?"

"Nzuri, sijui yako."

"Umerudishwa, mzee. Tafadhali rekebisha hali yako, kisha ujaribu tena."

Mzee alimtazama, kisha akatazama kalamu, kisha akamtazama tena. Shavu moja likatetemeka, akalidhibiti.

"Wewe umeniamkia. Fomu haiamkii mtu."

"Kwa hao watoto imewaamkia. Kisha wakijibu vizuri, inawatukana."

"Basi rekebisha neno. Andika 'Hali ya ndoa'. Nakubali." Kwa Mzee wa Mihuri hii ilikuwa tufani, neno la fomu halikuwahi kuguswa tangu aingie ofisini. Mtu mwingine angeshukuru na kukimbia.

Afisa akavuta kiti. "Haitoshi. Waliofungiwa watabaki nje, na wengi wamekata tamaa, hawatajaza tena. Hili swali lifutwe, mzee. Likifutwa, maombi yao yote yanapita jinsi yalivyo. Hakuna kosa jingine ndani yake, nimeyapitia."

"Kufuta swali!" Mzee alishika kifua kana kwamba ameambiwa afute jina lake. "Wewe binti, kubadili neno ni kushona kiraka. Kufuta swali ni kukata mguu wa suruali."

"Sheria inataka jina, umri, uraia na makazi. Nimesoma mara mbili. Ndoa haimo. Mwenye mke na asiye na mke, kura ni moja. Swali hili limewahi kutusaidia nini?"

Mzee alikuna kichwa. "Nililikuta," alisema.

Feni ilitikisa kichwa. Chini, fundi wa matairi alikuwa anagonga rimu kwa nyundo. Mzee alivua miwani akaifuta kwa tai, polepole, kioo kimoja kisha kingine.

"Mwaka ule mke wangu alipofariki," alisema bila kuinua macho, "nilikwenda kuhuisha taarifa zangu. Katika ofisi yangu hii hii, meza ya karani hapo nje. Karani wa zamani, yule mwenye kofia, akasoma 'Hali'. Alisahau kuinua macho. Nikamwambia, nzuri." Akavaa miwani. "Kisha akakumbuka. Akaandika 'mjane', akakausha wino kwa kiganja chake ili nisilione neno. Nililiona."

Afisa, mwenye maneno mengi, alikisogeza tu kiti chake karibu.

"Nilikuwa nimesahau kwamba silipendi hilo swali," alisema mzee. Akachukua fomu ya karatasi, ile mama wa fomu zote, akaweka rula juu ya neno na kulipiga mstari mnyoofu. Kisha, kwa kuwa mtu haachi asili, akagonga muhuri juu ya mstari, na wa pili pembeni, na wa tatu wa kuuthibitisha wa pili. "Mwite fundi kabla sijapata akili."

Fundi wa kompyuta alikuja mbio. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Kwenye kioo maombi yaliyofungwa yakaanza kufunguka moja baada ya jingine, ya hali njema na ya hali ngumu, yote yakipita mlango mmoja bila kuulizwa. Saa sita ilipofika mzee aliandika ripoti ya mstari mmoja, na mstari wenyewe ulikuwa na jina la chuo kinachofuata.

Sindano alikuwa wodini, anamgeuza bibi mmoja asipate vidonda vya mgongo, simu ilipotetemeka kwenye mfuko wa sare. Alimaliza kazi kwanza, akanawa mikono, ndipo akasoma. *Umeandikishwa. Kituo chako cha kupigia kura: shule iliyo mkabala na hosteli.* Akasoma tena kwa sauti, na bibi akamuuliza kuna nini, umepata mchumba?

"Nimepata kura, bibi."

"Hiyo nayo uichunge," alisema bibi. "Ina wachumba wengi, na wote waongo."

Jioni aliporudi hosteli alisikia makelele tangu ngazini. Wakili alikuwa amesimama juu ya kitanda, simu mkononi, anasoma ahadi za wagombea na kuzichambua moja moja kama dagaa wenye mchanga. Wasichana wa chumba cha jirani walikuwa wamejaa mlangoni, wawili wanamtetea mgombea aliyeahidi daraja, mmoja anamtetea aliyeahidi maji, na aliyekuwa amelala ameamka kuwapinga wote. Mwaka mzima wagombea hawakuwahi kutajwa chumbani humo, hata kwa kusingiziwa.

"Wewe uliyepata kura yako leo," Wakili alimnyooshea kidole Sindano, "huyu wa daraja, mto wenyewe uko wapi?"

Sindano alivua viatu, akasukuma miguu ya mtu mmoja akapata pa kukaa.

"Anza upya," alisema. "Soma polepole, na usimruke yeyote."