Aliyeacha Kuja Jumatano

Nelly hakutulia tangu Isaka alipoacha kuja. Kila Jumatano jioni vijana walipoketi mkekani barazani kwake, Mbekenyera, wengine walisoma Biblia huku yeye akisikiliza kila pikipiki inayopita, akidhani itasimama.

Kikundi kile alikianzisha mwenyewe. Kanisa lilikuwa limeshajaribu matamasha ya kwaya na spika kubwa za kukodi kutoka Ruangwa mjini. Vijana walifurika, wakacheza, wakatawanyika. Mchungaji Felisian alipokaribia kukata tamaa, Nelly alimwomba amwachie wachache tu, awajue vizuri: nani anaumwa, nani haelewani na baba yake. Wakawa wanakutana kwake, wanasoma, wanaombeana, wanakula mihogo ya kuchemsha.

Isaka alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia Chunyu kutoka kanda ya ziwa. Hakuwa msemaji, ila alianza kuzoea. Halafu akapotea, na simu akawa hapokei.

Mchungaji alimshauri Nelly awe na subira na amwombee. Aliomba, lakini hata katikati ya maombi alijikuta akisikiliza pikipiki. Asubuhi moja aliacha kitambaa cha mteja kwenye cherehani, akapanda bodaboda kwenda Chunyu.

Alimkuta Isaka lamboni akinywesha ng'ombe. Alimwamkia baba wa kijana huyo, Mzee Mahona, naye mzee akaitikia, kisha akasogea kando ili wazungumze.

"Umetukasirikia, mdogo wangu?"

Isaka alimrudisha ndama majini kwa fimbo. "Siku ile ya mwisho kikundini Lukasi alisema wafugaji wote ni wezi, wanalisha ng'ombe kwenye mashamba ya watu. Wenzake wakacheka. Wewe dada ulikuwa unapakua mihogo. Sijui kama ulisikia."

Hakuwa amesikia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa akijisifu moyoni kwamba anawajua vijana wake, kumbe mmoja ameumizwa barazani kwake na yeye hana habari.

Akaenda moja kwa moja kwa Lukasi, akamkuta akipalilia mikorosho. Alikuwa amepanga kumkemea. Lakini Lukasi alitupa jembe chini, akamweleza kwamba msimu uliopita ng'ombe waliingia kwenye ufuta wa mama yake wakaumaliza, na kanisani hakuna aliyewahi kumuuliza. Nelly akaacha karipio lake. Na hili pia hakulijua. Akaketi kwenye majani makavu akamsikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kumtuma aombe radhi.

Siku zilizofuata alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Aliogopa amewapoteza wote wawili. Lakini Jumamosi Lukasi alisimama mlangoni akauliza ni lini atakwenda tena Chunyu.

Walikwenda pamoja. Lukasi alisimama mbele ya Isaka, mikono mfukoni.

"Mama yangu alipoteza ufuta wake wote, na hasira bado ninayo. Ila ng'ombe wale hawakuwa wenu. Nilikutukana wewe kwa kosa la watu wengine."

Isaka alichora ardhi kwa fimbo yake. "Na mimi nilimwambia baba kwamba kanisani kwenu hakuna mwenye utu," alisema.

Mzee Mahona, aliyekuwa amesogea, alimuuliza Lukasi kama mama yake ameweza kulima tena mwaka huu. Lukasi akajibu kwamba amelima, kidogo. Mzee akaagiza waletewe maziwa.

Kwa kuwa msimu huo Isaka hakuweza tena kuacha ng'ombe jioni, Jumatano iliyofuata kikundi kilimfuata lamboni. Mchungaji Felisian alinung'unika kwamba ibada haifanyiki kwenye tope, lakini naye alikuja, akasoma pamoja nao huku ndama akilamba mkoba wake. Lukasi na Isaka hawakukaa karibu. Hata hivyo, ilipofika zamu ya kuombeana, Isaka aliombea ufuta wa mama Lukasi, na Lukasi akaitikia amina kwa sauti.

Nelly alipaswa kufurahi. Lakini Mzee Mahona alikuwa amedokeza kwamba malisho yakipungua watahamia upande wa Nachingwea, huko Naipingo, na Isaka mwenyewe hakujua ni lini. Tena Lusia, msichana wa kikundi ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikuwa amekaa muda wote wa ibada bila kutia neno.

Njiani kurudi, Nelly alimgusa bega dereva wa bodaboda, akamwambia wapite kwanza kwa akina Lusia.